Sauti ya Rubani Mgonjwa

Inspekta Enith Panduro alibonyeza kitufe, na ile sauti ikaanza upya.

"Kapteni Echegoyen hapa, niko Iquitos. Nimepangiwa safari ya asubuhi kwenda Lima lakini sitaweza kuruka. Tumbo limechafuka. Nadhani ni yule samaki wa jana usiku. Na homa ninayo."

Kisha sauti ya mwanamke, mtu wa ofisi ya zamu kule Lima: "Sawa, Kapteni. Pole. Pumzika."

Simu ikakatwa.

"Mimi nimeshaikariri," alisema Wilder Tapullima, msaidizi wake, aliyekuwa ameegemea mlango wa kibanda cha polisi cha uwanja wa ndege akila ndizi ya kuchoma. "Nikiumwa kesho nitakupigia kwa maneno hayohayo."

"Ukiumwa kesho nitakuja kukuvuta mguu utoke kitandani. Tumebaki wawili."

Nje ya kioo ukumbi wa kusubiria ulikuwa umejaa kama jana na kama juzi. Watu walilala juu ya masanduku yao. Wanawake walikuwa wametandika khanga na mashuka chini ya ubao wa safari, na kwenye ubao wenyewe kila safari ya shirika la Paranapura iliandikwa neno moja: imechelewa. Leo ilikuwa Jumatano. Tangu Jumapili shirika hilo halikuwa limerusha ndege kutoka Iquitos, na kutoka Iquitos hakuna barabara ya kwenda popote pa maana. Aliyekosa ndege alibaki na mto, na mto una mwendo wake.

Shirika lilikuwa na upungufu wa marubani, hilo halikuwa siri. Walikuwa wakiondoka mmoja mmoja kwenda Panama na Uarabuni. Lakini upungufu haukamatwi wala hautiwi pingu, na jioni ya Jumatatu mtu alikufa. Doña Teolinda Yahuarcani, mama wa makamo kutoka Requena, aliyekuwa akipelekwa Lima kupasuliwa moyo, alikata roho kwenye benchi la ukumbini, mtungi wake wa oksijeni ukiwa umekwisha. Watu walivunja kioo cha kaunta. Mwendesha mashtaka alifungua jalada usiku huo, na asubuhi yake meneja wa kituo wa Paranapura, Gonzalo Lizárraga, alikuja mwenyewe na ile sauti kwenye flashi ya kompyuta, kabla hajaombwa.

Sasa alikuwa anakuja tena. Enith alimwona akikatiza ukumbi kwa haraka, akipita pembeni ya watu bila kumtazama yeyote usoni. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Inspekta, bado hujamfunga?" aliuliza kabla hajaketi. "Magazeti yote yana jina lake. Daktari wa shirika alimpima Jumatatu mchana, mzima kama mimi na wewe. Rubani pekee tuliyekuwa naye hapa, anajifanya mgonjwa, Lima wanazuia ndege isije kwa sababu hakuna wa kuirudisha, na mama wa watu anakufa. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kunywa kahawa," alisema Enith. "Na nataka kuzungumza na Kapteni kabla sijamfunga. Ni kawaida yetu hapa."

"Wakubwa zangu wananiuliza kila saa."

"Waambie imechelewa."

Wilder aligeuka akatazama ukutani. Lizárraga aliondoka bila kuaga.

Kapteni Rómulo Echegoyen alikuwa chumba cha nyuma. Hakuwa amekamatwa. Watu walikwenda kupiga mawe hoteli aliyofikia, na Wilder akamtoa kwa mlango wa jikoni. Alikuwa mtu wa Arequipa, mrefu, mwenye mvi, na sare aliyoivaa ilikuwa ya Jumatatu.

Enith alimsikilizisha ile sauti.

"Sauti hiyo ni yako, Kapteni?"

"Si yangu."

"Meneja wako anasema ni yako."

"Lizárraga ananisikia kwenye simu miaka minne sasa. Anajua si yangu."

"Jumatatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hotelini, mapokezi. Nimeshavaa, mkoba uko miguuni, nangoja gari la shirika. Halikuja. Nikampigia Lizárraga. Akaniambia safari haipo, rudi ukapumzike. Sikumuuliza mara mbili, Afande. Nilipanda juu nikalala na viatu."

"Hakukuuliza tumbo linaendeleaje?"

"Tumbo hakulitaja."

Enith alinyoosha mkono, Kapteni akampa simu yake. Alitafuta simu zilizopigwa Jumatatu. Ilikuwepo, asubuhi, kwenda kwa Lizárraga, na walizungumza. Aliitazama kidogo kisha akamrudishia.

"Nani alijua kwamba wewe ndiye wa safari ile?"

Kapteni alifikiri. "Wachache. Haikuwa yangu. Mimi Jumatatu nilikuwa nipumzike. Mwenye safari alikuwa Valdelomar, na Jumapili jioni akatuma ujumbe kwamba amepata kazi kwingine, kwaherini. Lizárraga akanipigia nikiwa mezani nakula, akaniambia ni mimi."

"Ulikuwa unakula na nani?"

"Na rubani msaidizi wangu. Fermín Tuesta. Ni kijana wa hapa."

"Mlikula samaki?"

"Mimi kuku. Samaki wa mtoni simli, nisamehe, najua niko ugenini. Yule wa kwenye sahani ya Fermín alikuwa bado na sharubu zake, na kichwa kinanitazama."

Enith aliinama akaandika. Aliandika taratibu, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzito na kalamu ilikuwa inakatakata wino. Alipoinua macho kuuliza swali jingine, kidevu cha Kapteni kilikuwa kimegusa kifua. Alikuwa amelala akiwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha.

"Mtuhumiwa amelala, Afande," Wilder alinong'ona.

"Naona."

"Nimwamshe?"

"Muache. Yule Fermín Tuesta unamjua?"

"Mtoto wa Doña Llerme, wa San Juan, pale penye mashine ya mbao. Huna haja ya kwenda kwao. Yuko humu ukumbini tangu jana. Anawagawia watu juisi."

Walimkuta karibu na mlango wa vyoo akimimina juisi ya camu camu, tunda chachu la kule mtoni, kwenye vikombe vya plastiki. Hakuwa amevaa sare. Alikuwa na fulana na kandambili, na macho yalikuwa mekundu. Bibi mmoja alimwombea Mungu amzidishie, naye akaitikia bila kumwangalia.

"Fermín," Enith alisema. "Njoo tupate hewa."

Walitoka nje, upande wa maegesho, wakasimama chini ya kipaa cha bati. Mvua ilikuwa inanyesha. Madereva wa bajaji walikuwa wamejikunyata ndani ya vyombo vyao, hakuna aliyewajali.

"Jumapili usiku ulikula nini?"

Kijana alishikilia jagi la juisi kwa mikono miwili. "Kwa nini unaniuliza chakula, mama?"

"Nijibu tu."

"Samaki."

"Mtu akitunga ugonjwa huchukua kilicho karibu," Enith alisema. "Aliyepiga ile simu alimlaumu samaki aliyekuwa kwenye sahani yake. Kapteni wako alikula kuku. Na aliyepiga alijua kwamba safari ya Jumatatu ni ya Echegoyen, jambo ambalo usiku ule lilijulikana kwa Lizárraga, kwa Echegoyen na kwa aliyekuwa mezani naye. Lizárraga hawezi kuipigia ofisi yake mwenyewe ajifanye mtu mwingine. Kapteni hana sababu ya kuniongopea kuhusu kuku."

Fermín aliweka jagi chini, juu ya saruji yenye maji. Hakukana.

"Nilikaza koo," alisema. "Alfajiri kila mtu ana sauti mbovu."

"Kwa nini?"

Fermín alilisogeza jagi ukutani kwa mguu.

"Jumapili tulikuwa tunaleta ndege huku kutoka Lima, ile ambayo wenzetu waliirudisha. Juu ya milima Kapteni akalala. Si mara ya kwanza. Sisi sote tunalala, mama, tunapeana zamu hata kama haturuhusiwi, kwa sababu siku ya mapumziko imekuwa ni ya kusikia kwa watu. Lakini safari hii zamu ilikuwa yangu ya kukaa macho." Alijipangusa uso. "Nilipozinduka, mnara ulikuwa unatuita. Sijui ulikuwa umetuita kwa muda gani. Mahali pa kuanza kushuka tulikuwa tumeshapapita. Nyuma kuna watu wamejaa, watoto, na sisi wawili tumelala kama mizigo."

"Mlitoa taarifa?"

"Rubani mwenzetu, Quiroga, alitoa taarifa mwezi wa nne. Sasa anauza bima Trujillo."

"Kwa hiyo ukaamua Echegoyen asiruke."

"Nilimwangalia pale mezani wakati Lizárraga anampigia. Alisema ndiyo, ndiyo, sawa, halafu akaweka simu na akalala na uma mkononi. Na asubuhi awapeleke watu Lima? Usiku kucha sikupata usingizi. Alfajiri nikapiga."

"Kwa nini hukusema mgonjwa ni wewe?"

"Marubani wasaidizi wapo. Hapahapa Iquitos kuna mwenzangu yuko likizo, wangemwamsha. Kapteni angeruka vilevile. Wanaokosekana ni makapteni. Nikadhani watatoa mmoja Lima, aje na ndege. Safari ingechelewa, ingeondoka mchana, na mzee angepata kulala. Hayo tu ndiyo niliyowaza." Sauti yake ilipungua. "Huyo wa kumtuma hawakuwa naye. Na yule mama akakaa pale. Nilikuja saa za jioni kuangalia kama watu wameondoka, nikakuta wamemfunika. Mimi ndiye niliyemuua. Nilitaka kuja kusema tangu jana, nikawa namimina juisi."

Wilder, aliyekuwa amesimama hatua chache nyuma yao, alivua kofia akaitikisa maji ambayo hayakuwepo.

Enith alitoa simu yake, akatafuta ile sauti, akaicheza tena pale chini ya kipaa, safari hii akiwa ameiweka sikioni peke yake. Hakuwa anamsikiliza mgonjwa. Aliisikiliza mpaka mwisho, akairudisha nyuma, akaisikiliza tena.

"Yule dada wa Lima," alisema. "Hakukuambia zaidi ya haya?"

"Hakusema zaidi."

"Ukiumwa kweli, huwa wanakujibu vipi?"

Fermín alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Wanakuomba. Wakishindwa kukuomba wanakupa mkubwa wao akutishe. Mwaka jana niliwapigia nina dengi, mwili mzima unauma, wakaniuliza kama nikimeza vidonge siwezi kuruka tu mpaka Tarapoto na kurudi." Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayesikia kitu chumba cha pili. "Hakuniuliza chochote."

"Kapteni pekee aliyebaki Iquitos anasema hataruka, na mwenye kupanga zamu anamwambia pole, pumzika. Hakushtuka hata kidogo. Halafu Kapteni huyohuyo anampigia meneja, mzima, ameshavaa, anauliza gari liko wapi, na meneja anamwambia kalale." Enith alirudisha simu mfukoni. "Kama mgonjwa ndiye aliyezuia ndege, akipona si mnaiita ije?"

"Afande," alisema Wilder, "unataka nipige wapi?"

"Kwa watu wa mafuta. Uliza safari ya Jumatatu iliagiziwa mafuta kiasi gani."

Wilder alisogea pembeni na simu. Alizungumza, akangoja, akatoa mzaha mmoja na mtu wa upande wa pili, kisha akaacha mzaha. Aliporudi alikuwa anatembea taratibu.

"Hayakutolewa, Afande. Yaliagizwa, halafu yakafutwa. Aliyefuta ni Lizárraga, kwa simu, Jumapili usiku wakati wanafunga ofisi. Jamaa anakumbuka kwa sababu ilibidi amrudishe dereva wa lori aliyekuwa ameshalijaza. Akaambiwa ndege haitakuja Jumatatu wala Jumanne."

Fermín aliwatazama, mmoja kisha mwingine. "Jumapili usiku," alisema. "Mimi nilikuwa bado sijapiga."

"Ulikuwa bado hujapiga."

Alikaa chini pale pale, kwenye saruji, mgongo ukiwa ukutani, akaanza kulia kwa kelele kama mtoto aliyepotea sokoni. Dereva mmoja wa bajaji alichungulia, akarudisha kichwa.

"Usifurahi mapema," Enith alisema, ingawa hakuna aliyekuwa anafurahi. "Umejifanya mtu mwingine na jina lake limeharibika. Hilo litaandikwa, na hilo la usingizi litaandikwa pia, kwa watu wa usalama wa anga. Utalisema mwenyewe, na Kapteni atalisema. Mnaelewana?"

"Ndiyo, mama."

"Wilder, mpe kiti. Mpe na kahawa, kama imebaki."

Ofisi ya Lizárraga ilikuwa nyuma ya kaunta iliyovunjwa. Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi. Enith aliingia bila kubisha, akafunga mlango, akakaa, na kwa muda akafumba macho tu kwa ajili ya ule ubaridi.

"Umemaliza na Kapteni?" Lizárraga aliuliza.

"Nimemaliza. Ndege ya Jumatatu ilikwenda wapi?"

"Nilishakueleza. Lima waliizuia baada ya ile simu."

"Mafuta uliyafuta Jumapili usiku."

Lizárraga aliangalia mlango, na nyuma ya mlango ule kulikuwa na watu wote wale wanaongoja. Alipozungumza tena, sauti ya meneja ilikuwa imemtoka.

"Cusco," alisema. "Ni wiki ya sikukuu. Wageni kule wanalipa kwa dola, ndege, hoteli na treni pamoja, na ukiwaangusha wanakupeleka mahakamani kwao. Tulikuwa na marubani wa kutosha ndege moja tu, na safari zilikuwa mbili. Walinipigia usiku: Iquitos ingoje. Si mimi niliyeamua, Inspekta. Mimi ningeamua nini? Huku nina wasichana wawili kwenye kaunta, na mmoja ameacha kazi jana baada ya kurushiwa chupa."

"Nani aliyekupigia?"

Alimtajia jina. Enith aliliandika.

"Na ile simu ya ugonjwa?"

"Ilikuja asubuhi. Walinitumia. Nikajua palepale si Echegoyen, ni mtoto fulani anaigiza. Lakini nikaona..." Alipekua maneno. "Watu walikuwa wanataka sababu. Sababu ikaja yenyewe."

"Sawa. Sasa nisaidie jambo moja tu, halafu nitakuacha uwapigie wakubwa zako. Kwenye ubao wako imeandikwa imechelewa. Tangu Jumatatu. Kwa nini haikuandikwa imefutwa?"

Lizárraga alijifuta paji la uso, ingawa chumba kilikuwa baridi. "Ikifutwa, lazima uwape hoteli, uwape chakula, uwarudishie nauli wakitaka. Ikichelewa, wanangoja. Kila shirika linafanya hivyo."

"Wanangoja hapahapa ukumbini."

"Ndiyo."

"Binti wa Doña Teolinda alikuja kaunta Jumatatu. Msichana wako ameniambia alikuja mara nyingi na mwishowe akaomba kuonana na wewe. Alikuuliza nini?"

"Wote waliniuliza."

"Yeye. Mwenye mama mwenye mtungi."

Lizárraga alikuwa anatazama mikono yake.

"Aliniuliza amrudishe mama yake hospitali au angoje. Alisema oksijeni ni ya safari tu, hospitali wangempa nyingine. Ni mwendo mfupi, hospitali."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia angoje."

"Maneno yako, Bwana Lizárraga. Nataka kuyaandika kama ulivyoyasema."

"Nilimwambia ndege imeshatoka Lima. Nilimwambia iko angani."

"Na ilikuwa wapi?"

"Cusco."

Enith aliandika. Ilimchukua muda, kalamu ile ile, wino ule ule wa kusuasua. Kisha akaigeuza karatasi akaisukuma mbele yake asaini, na Lizárraga akaisoma yote kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine kuhusu mtu mwingine, akasaini.

"Si mimi niliyeihamisha ndege," alisema tena.

"Hilo nimeliandika. Ni mstari wa juu. Mimi nakukamata kwa mstari wa chini." Alisimama, magoti yakalia. "Chukua koti. Chumba chetu hakina kiyoyozi lakini usiku mbu ni wengi."

Alimkabidhi kwa Wilder, akazungumza na mwendesha mashtaka kwa simu, na alipotoka nje mvua ilikuwa imekatika. Kabla hajaondoka alimwambia msichana wa kaunta abadilishe ubao. Msichana aliuliza kwa amri ya nani. Enith akamwambia kwa amri ya polisi, na kama haitoshi, kwa amri ya Panduro. Neno jipya lilipotokea ukumbini hakuna aliyepiga kelele. Watu walisoma, wakaanza kukunja mashuka.

Delicia, binti wa Doña Teolinda, alikuwa kwa mama yake mdogo, kwenye nyumba ya mbao karibu na bandari ya mashua. Jeneza lilikuwa sebuleni juu ya viti viwili, likingoja mashua ya Requena. Kaka yake mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Alimpisha Enith apite lakini upande wa jikoni, alikokuwa dada yake, hakutazama, na Enith akaelewa kwamba katika nyumba ile kesi ilikuwa imeshahukumiwa.

Delicia alikuwa jikoni akifunga juane kwa majani, wali na kuku, kwa ajili ya watu watakaosindikiza. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa chekechea.

"Dada, nimekuja kukuambia kitu kabla hujakisoma gazetini," Enith alisema. Alisema kwa sauti ya kutosha kumfikia aliyekuwa mlangoni. "Rubani hakuwa mgonjwa. Wala yeye hakuwa sababu. Ndege ya mama yako ilipelekwa kwingine tangu Jumapili usiku. Meneja alijua. Ulipomuuliza umrudishe mama hospitali, alijua hakuna ndege inayokuja, na akakuambia ungoje. Ameshasaini hayo. Yuko ndani."

Delicia aliendelea kufunga jani. Uzi ulimponyoka, akaushika tena.

"Kwa hiyo haikuwa imetoka," alisema.

"Haikuwa imetoka."

"Hata ile mara ya mwisho?"

"Hata ile mara ya mwisho."

Kaka alikuwa ameingia. Alisimama katikati ya jikoni, mikono ikining'inia, hajui pa kuiweka. "Deli," alisema. "Mimi nilisema maneno mabaya, kwamba wewe ndiye uliyemngojesha."

"Ulisema kweli. Nilipaswa kumrudisha." Alimgeukia Enith. "Hajui, huyu. Mama ndiye aliyetaka kurudi, Afande. Mchana aliniambia, mwanangu twende zetu, kifua kimebana. Akashika mkoba wake. Mimi nikakimbia kwa yule bwana, nikarudi nikamwambia, mama, kaa, iko angani. Nilimwambia kwa furaha. Akanishukuru. Akageuza shingo kwenye kioo ili aione ikitua."

Hakulia. Aliliweka juane juu ya mengine na kuchukua jani jingine.

Enith alivuta kigoda, akakaa. Alitoa karatasi na ile kalamu.

"Itabidi uniambie yote tangu mwanzo," alisema. "Taratibu. Mashua haijafika."

"Nikisema na hayo ya mwisho, utayaandika?"

"Nitayaandika."

"Basi andika kwamba nilimwambia mimi," alisema Delicia, "na kwamba nilikuwa nimeamini."